Walivyowala Kuku wa Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe ili tusisumbuane baadaye. Siku ile nilikula chakula cha kuku, beseni zima, kilichopikwa na bangi. Halafu nikavua shati katikati ya mkutano wa kijiji, nikacheza bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, na mwavuli wa mwenyekiti nikidhani ni jembe, mama mkwe wangu akiwa amekaa mbele kabisa. Halafu jioni nikawala na kuku wenyewe. Basi. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele nina hasira, na mimi nikiwa na hasira sipendi mtu wa kunichekea pembeni.

Mimi ni mtu wa karasha. Kama hujafika Bugarama, karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unailisha mawe, inatema vumbi, jioni unarudi nyumbani unafanana na mtu aliyefufuliwa juzi. Shule niliishia form two, na hiyo two yenyewe nusu yake nilikuwa nje ya darasa nimepiga magoti. Mke wangu na watoto wako Nyasubi, Kahama mjini, chumba na sebule, na kila mtu pale mtaani anajua nikikohoa.

Pale karasha nina rafiki yangu, tunapokezana kulisha mashine. Zamani alikuwa na duara lake mwenyewe, yaani shimo lake la kuchimba, mpaka eneo likapata mwenye leseni, ikaja fensi, ikaja geti, ikaja mbwa. Siku hizi anasaga mawe ya watu. Hana maneno mengi. Mkumbukeni huyo.

Bangi huku machimboni sio habari. Kuna watu hawashuki shimoni bila kuvuta kwanza, kwa sababu ukishuka na akili zako zote, ukasikia zile mbao zinavyolia kule chini, unaweza ukapanda juu ukawa mchungaji. Mimi sivuti. Sio kwamba ni mtakatifu. Nilijaribu mara moja ujanani, wakanikuta nimepiga magoti naomba msamaha kwa rundo la mawe. Tangu siku hiyo nikasema hii kitu waachiwe wenye vichwa.

Sasa mama mkwe. Anaishi kijijini, huko ndani ukishapita Didia, mjane, na mali yake ilikuwa kuku. Kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima mpaka inachosha. Hampeani mkono. Hamuangaliani usoni. Huli mbele yake, naye hakai mahali unapokula. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mtama. Hata kuongea moja kwa moja ni kazi, kwa hiyo yeye alikuwa na njia yake: alikuwa anaongea na kuku ili mimi nisikie.

"Nyie kuku," anasema akiwa nje, amegeukia banda, "mwambieni mgeni maji ya kuoga yako tayari."

Na mimi najibu huku naangalia ukuta: "Wabeja, kuku." Yaani asante.

Tumeishi hivyo tangu nimuoe binti yake na hatujawahi kugombana. Kuna watu wanaongea na mama wakwe zao uso kwa uso kila siku, waulizeni wamefika wapi.

Hao kuku kila mwaka walikuwa wanaingiliwa na ugonjwa wa kideri. Kikiingia kijijini asubuhi unaamka unakuta banda limelala. Chanjo tuliambiwa inakuja. Inakuja tangu mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa anafanya alivyofundishwa na mama yake: kwenye zizi la zamani, lenye mbolea, alikuwa na miche miwili ya bangi. Anachuma majani, anayatwanga, anayapika na pumba za mahindi, anawapa kuku. Kama inatibu kweli au haitibu mimi sijui, mimi sio bwana mifugo. Ninachojua ni kwamba kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuchuma pale. Nimewaona kwa macho yangu. Wanakuja na vikapu, wanasalimia, wanachuma, wanaondoka na "asante mayu", yaani mama. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta hata sigara. Harufu ya kiberiti tu inamtoa machozi.

Siku hiyo nilikwenda kumpelekea sukari na vitenge alivyoagiziwa na binti yake. Nikakuta kijiji hakieleweki. Kumbe imetoka amri huko juu: bangi itafutwe nyumba kwa nyumba, na saa nane kuna mkutano uwanja wa shule, atakuja mgeni kutoka mjini. Sungusungu wameshaanza kupita, na marungu yao na zile filimbi.

Mimi niko sebuleni, nimekaa kwenye kigoda, nasubiri chakula. Mama mkwe alikuwa ameipua beseni la chakula cha kuku, ameliweka ndani lipoe. Ukiliangalia haraka unaweza kusema ni ugali umevurugwa na nsansa, zile mboga za majani makavu. Mara nasikia filimbi mlangoni. Mama mkwe akaingia, akasimama, akaliangalia lile beseni, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniangalia mimi usoni.

Sikuwahi kuona mtu mzima ameogopa vile. Sheria ikikukamata na mche uliopanda, ni miaka. Kwa umri wake hiyo miaka maana yake harudi.

Sasa hapo mtu mwenye shule kamili angefikiria. Mimi nina form two. Nilivuta beseni, nikanawa mikono kwenye kikombe cha chai, nikaanza kula.

Na hapa ndipo heshima yetu ilipofanya kazi. Mama mkwe alipoona nimetia tonge mdomoni akatoka mbio, kwa sababu haruhusiwi kukaa. Na kamanda wa sungusungu alipochungulia akakuta mkwe anakula ukweni, akarudi nyuma kama ameona moto. Mkwe akila hasumbuliwi. Huingii, hupekui, hupigi filimbi. Unasubiri amalize.

"Samahani, shemeji," akasema kutoka nje. "Kula taratibu. Tutasubiri."

Wakasubiri! Wamejipanga mlangoni wamenipa mgongo, wanaongelea bei ya pamba. Mimi nilitaka kula matonge mawili niwadanganye, lakini nikiacha beseni limejaa wataingia waone. Kwa hiyo nikala. Pumba zinakwaruza koo kama msasa. Mle ndani kulikuwa na vichwa vya dagaa, kulikuwa na maganda, nadhani kulikuwa na jiwe moja, ambalo mimi, mtu wa karasha, nililisaga. Kila nikipumzika nasikia kamanda anauliza, "Shemeji, bado?" Najibu, "Bado kidogo, mama amepakua kwa upendo."

Nikalimaliza. Nikalifuta kwa mkono. Wakaingia, wakapekua, hawakuona kitu. Nikajiona shujaa. Nikatoka nje nimejaza kifua, na hapo ndipo nikawaona wengine wanatoka nyuma ya nyumba, kule zizini, wamebeba ile miche miwili mabegani. Yaani nilikula chakula cha kuku bure.

Kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira, bangi ilikuwa bado. Kwa sababu kamanda aliyeshika ule mche, huyo huyo, wiki moja kabla alimtuma mke wake kuja kuchuma. Hakuhitaji kupekua zizi. Alikuwa anajua njia!

Tukaenda mkutanoni. Miche imelazwa mezani mbele kama maiti. Mama mkwe amekalishwa chini, kwenye vumbi, mbele ya watu wote. Mgeni wa mjini ana viatu vilivyochongoka. Mwenyekiti akafungua, akasema kabla ya kuamua habari ya huyu mama kupelekwa polisi, mgeni amependa tujadili wenyewe kwa wenyewe: hii bangi ipigwe marufuku hivi hivi, au kuna siku iruhusiwe?

Kijana mmoja mwenye simu kubwa akasimama wa kwanza. "Wenzetu huko nje wanaruhusu. Wanatengeneza dawa, wanatengeneza mafuta, wanauza. Sisi tumeshikilia pamba na pamba imetuchosha. Hili ni zao!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kanisani akasimama kwa hasira: "Zao? Zao la nani? Shetani naye ana shamba?" Watu wakapiga makofi tena, wale wale.

Halafu akasimama mama mmoja ambaye mwanae ninamfahamu, tulikuwa naye machimboni. Hakupaza sauti. "Mwanangu alikuwa anasoma gazeti mpaka nyuma," akasema. "Alianza kuvuta akiwa mdogo, kwenye mashimo huko. Leo anavua nguo mnadani. Nyie mnaosema ni jani tu, njooni mlale naye siku moja." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Huyo mama simkasirikii hata kidogo. Angekuwa yeye ndiye hakimu ningenyamaza.

Akasimama mgeni. Akarekebisha mkanda. "Ndugu wananchi, hata ikitokea siku ikaruhusiwa, haitakuwa hivi vya kiholela. Itakuwa kwa utaratibu. Wawekezaji wenye uwezo. Maeneo maalum. Ulinzi wa kutosha. Sio bibi na zizi lake."

Watu wakacheka. Na hapo, kwenye kicheko hicho, beseni likanifikia kichwani.

Kwanza meno yangu yakapata joto. Halafu mikono yangu nikaiona iko mbali, kama ya jirani. Halafu nikaona, jamani naapa niliiona, fensi inatokea chini. Inaota kwenye uwanja wa shule kama mahindi, waya, nguzo, waya, nguzo, inamzunguka mama mkwe pale kwenye vumbi. Ile ile fensi ya kwetu machimboni. Maana dhahabu nayo si ilikuwa hivi hivi? Mzee anachimba na sururu yake, anaitwa mhalifu, anafukuzwa, anapigwa. Halafu siku moja shimo lile lile linaitwa uwekezaji, na linakatiwa utepe na ngoma zinapigwa. Shimo ni lile lile na mawe ni yale yale. Aliyebadilika ni mwenye nalo.

Nilisimama niseme hayo. Yalikuwa maneno mazuri, nilikuwa nimeyapanga. Kilichotoka ni wimbo wa kulima. Nikaona jembe limeegemea meza, nikalichukua, nikavua shati, nikaanza kucheza bugobogobo, narusha jembe juu, nadaka, nazunguka. Lile jembe lilikuwa mwavuli. Lilifunguka hewani. Watoto walilala chini kwa kucheka. Mgeni alirudisha kiti nyuma. Mimi nalima uwanja wa shule, nang'oa nguzo za fensi moja moja, kifua wazi, na mama mkwe wangu amefunika uso kwa kanga.

Kamanda akanishika. Nikamwambia kwa sauti kubwa: "Ni yangu! Ile miche ni yangu. Mimi ndiye nimepanda."

Na kwa jinsi macho yangu yalivyokuwa, kila mtu aliamini. Mwenyekiti akasema, "Basi, mwenyewe kajitaja. Afungwe kamba." Nikanyoosha mikono. Nilikuwa nimeridhika kabisa, nadhani ningewashukuru.

Ndipo mama mkwe akasimama. Akafunua uso. Hakuangalia ukuta, hakuangalia kuku, hakukuwa na kuku pale. Akaniangalia mimi na kunisemesha kwa mdomo wake: "Mkwe, vaa shati."

Nikavaa. Kinyumenyume, lakini nikavaa.

Halafu akawageukia wao. "Huyu hajui kupanda hata mchicha. Miche ni yangu. Nipelekeni polisi, nitakwenda." Akamtazama kamanda. "Kamanda, yule jogoo wako mwekundu amepona?"

Kamanda akaangalia rungu lake.

"Mwenyekiti, na wale vifaranga wa mkeo? Mzee wa kanisa, nilikupa kapu zima, kapu langu hujarudisha."

Jamani. Nimekaa kwenye machimbo miaka, nimesikia shimo likititia, ule ukimya unaokuja kabla watu hawajaanza kukimbia. Ulikuwa ndio huo. Mgeni wa mjini anaangalia huku na huku anatafuta nani anaambiwa. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Ndugu mgeni, nadhani haya mengine ni ya nyumbani, tutayamaliza nyumbani." Na mgeni, ambaye nadhani alikuwa na safari, akakubali haraka, akaingia kwenye gari.

Wakayamaliza nyumbani. Wakakaa pembeni, wakanong'ona, wakaja na hukumu. Hakuna polisi. Miche ichomwe moto. Na mama, kwa kuwa amevunja amri ya kijiji, alipe faini ya kuwalisha sungusungu. Kuku.

"Wangapi?" mtu akauliza.

Kamanda akasema, "Waliopo."

Miche ikachomwa pale pale. Na ajabu, upande moshi ulikokuwa unaelekea ndiko wazee walikohamishia viti.

Halafu wakaja kwake. Wakafungua banda lake, wakachinja kwa kisu chake, wakapika kwa sufuria zake na kuni alizokata yeye. Majike yaliyokuwa yanaatamia wakayatoa juu ya mayai. Kuku wale wale waliosemwa wamelishwa uchafu wa shetani, waliokula jani lililotuvunjia taifa, waliwala mpaka wakanyonya mifupa. Kamanda alichukua firigisi, mahali penyewe ambapo lile jani lilikuwa bado limekaa, akaitafuna huku amefumba macho, akasema, "Kuku wa mama huyu siku zote wana ladha."

Nilitaka kumpiga. Nilisimama kabisa. Lakini nilikuwa nimesimama kwa magoti, sijui yalikuwaje, na kabla sijajipanga akaja binti mmoja na kisahani. Firigisi nyingine. Kwa sababu mimi ndiye mkwe, na mkwe hupewa firigisi. Hata kwenye wizi wao walikuwa na adabu.

Na njaa ya bangi, wanaoijua wanaijua. Niliikataa kichwani. Mkono ukaichukua. Nikala.

Ilikuwa tamu. Nimemkasirikia kamanda, nimemkasirikia mwenyekiti, nimewakasirikia wale wa kupiga makofi pande zote mbili, lakini hicho kipande kidogo kilivyokuwa kitamu, hicho ndicho kinaniamsha usiku.

Asubuhi nikaaga. Nikasimama uani, naangalia ukuta kama kawaida yetu. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya banda. Manyoya yamejaa chini, upepo unayapeleka huku na huku. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Akafungua mdomo, akaliangalia banda, akafunga. Hakuwa na wa kumtuma.

Nikasema mimi, kwa ukuta, "Kuku, mwambieni mama nitarudi." Sijui kwa nini nilisema vile. Yalikuwa ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Halafu akaliambia lile banda tupu, "Mwambieni mgeni asafiri salama."

Nimerudi Bugarama, karasha inanguruma, na redio imetundikwa kwenye nguzo, na kwenye redio, mtanisamehe, watu wamealikwa wajadili: je, bangi iruhusiwe? Mmoja anasema tutakuwa matajiri. Mwingine anasema tutakuwa vichaa. Wanaitana mheshimiwa, wanapokezana maji ya kunywa, unasikia chupa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sasa hivi, leo, nani amekalishwa kwenye vumbi. Nilichukua jiwe nikataka kuipiga ile redio. Ni redio ya bosi. Nikalitia jiwe kwenye karasha.

Nikamsimulia rafiki yangu yote. Beseni, mwavuli, shati kinyumenyume. Alicheka mpaka vumbi likamdondoka usoni akabaki na mistari. Nilipofika kwenye kuku akaacha kucheka. Nilipofika kwenye banda tupu akazima mashine, kitu ambacho huwa hafanyi.

Nikamwambia, "Mimi naona bora waruhusu tu. Waruhusu, yule mama apumzike. Apande miche yake miwili, asiogope filimbi."

Akaangalia upande wa fensi, kule lilikokuwa duara lake. Akajifuta uso.

"Watakuja kuruhusu, wala usihangaike," akasema. "Patawekwa waya mpaka kwenye zizi lake. Wewe utaomba kazi ya kulinda geti, mkweo ataomba kibarua cha kupalilia. Na kabla ya kuwapa kazi, watawapima mkojo wote wawili."

Akawasha mashine.